Nilivyofuata Meno ya Gari Hadi Tseikuru

Nilisafiri kwenda Tseikuru kwa sababu ya mdomo wangu. Jumapili moja kanisani Kasikeu, wakati wa matangazo, nilisimama nikawaambia waumini wote kwamba gari la babake Susu Ndunge litatembea kabla ya Krismasi, na kwamba Susu mwenyewe atalipanda kuja kanisani. Watu walipiga makofi, mchungaji akasema amina. Nilipoketi ndipo nikakumbuka kwamba gari lenyewe halikuwa na meno ndani ya difu, lile sanduku la nyuma linalozungusha magurudumu.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko Sultan Hamud, Makueni, nyuma ya maduka ya barabara ya Mombasa, na mwaka huu natimiza miaka ishirini na sita nikiwa chini ya magari ya watu. Wateja wapya bado hufika wakaniagiza niwaitie mwenye gereji. Najisifu, ndiyo, na sioni haya. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mwanamke mwenye gereji akingoja kizuri kijiuze atalala njaa.

Susu kwa Kikamba ni nyanya. Ndunge si nyanya yangu wa damu, ila Kasikeu nzima tunamwita hivyo, na anakaribia miaka tisini. Babake alilinunua gari lile kutoka kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na hata siku hiyo lilikuwa tayari ni la zamani. Ni gari la kuwashwa kwa mkono, magurudumu yake yana spoki za mbao, na radieta ya shaba nyeupe imesuguliwa mpaka jina la kiwanda halisomeki tena. Nimewauliza watu wa magari ya kale Nairobi, wakalitazama kwenye picha, wakabishana wao kwa wao. Baba alipofariki liliwekwa kwenye zizi la ng'ombe, na kuku wakataga ndani yake kwa miaka mingi.

Nililifanyia kazi miaka miwili. Vitabu havikuwepo. Kulikuwa na picha moja, na karatasi moja ya maelezo iliyoliwa nusu na mchwa. Spoki nilichongesha kwa mti wa mukau, kabureta nikaiunga upya, gasketi nikazikata kwa mkono kutoka kwenye shaba. Injini iliponguruma mara ya kwanza nililia, nakiri. Lakini kule nyuma, ndani ya difu, hapakuwa na kitu. Gari la namna hiyo huhitaji meno mawili pale: gurudumu moja kubwa la meno kiasi cha sinia, na jingine dogo linalolisukuma. Kuna mtu aliyafungua zamani akaenda nayo, na bila meno hayo injini inaweza kunguruma hadi kiama, gari lisisogee hata hatua moja.

Na Susu hakuwa na wakati wa kungoja. Ana presha ya macho. Anaona kilicho mbele yake moja kwa moja tu, kandoni ni giza, na daktari amemwambia hata hiyo nafasi ya katikati inazidi kufungwa. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki, na tukiwa njiani kurudi alinishika mkono akaniambia, "Mutheu, mimi sitaki kuambiwa ati gari ya Nau imetembea. Nataka kuiona na macho yangu." Nau ni baba. Ndiyo maana nilisimama kanisani nikaropoka.

Ni yeye aliyenikumbusha kwamba magari yalikuwa mawili. Pacha wa lile alinunuliwa na rafiki ya babake, akapelekwa Tseikuru, kaskazini kabisa ya Kitui, kubeba ngozi za ng'ombe. Nikampigia simu Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi anayeishi huko, ambaye lori lake nimelitengeneza mara nyingi likipita Sultan Hamud. Baada ya siku tatu akanipigia. Alisema gari halipo tena, lakini meno yapo, na yanafanya kazi. Kwa furaha yangu sikuuliza kazi gani.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka Sultan Hamud na pikapu yangu. Nyuma nilipakia jeki, mashine ya kuchomea na jenereta yake, na sanduku la spana. Ilikuwa Oktoba, mvua haijaja, na barabara ya Mombasa ilikuwa imejaa malori hadi nilipokata kwenda Machakos. Kutoka hapo nchi inashuka na joto linapanda. Saa tatu nilikuwa Kitui mjini nikinywa chai, nikimweleza mwenye hoteli habari za gari langu ingawa hakuwa ameniuliza.

Mwingi nilipita saa tano. Baada ya Kyuso nyumba zilianza kuwa mbalimbali, miti ikawa mifupi, na mbuzi wakawa wengi kuliko watu. Vumbi liliingia hadi ndani ya simu. Nilifika Tseikuru saa tisa alasiri, nikampata Abdi dukani kwake. Wazazi wake walitoka upande wa Garissa, yeye kazaliwa hapo hapo, na Kikamba chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Mke wake alinipa chai ya maziwa ya ngamia na wali, akanionyesha pa kulala. Nilimwomba Abdi anipeleke tukayaone meno jioni ile ile. Akasema, "Pole pole, fundi. Kesho asubuhi ndio utaelewa vizuri."

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, alinipeleka kwenye laga, mto wa mchanga usio na maji. Ukingoni palikuwa na kisima kirefu, na juu ya kisima punda alikuwa akizunguka, amefungwa kwenye mti mrefu. Mti ule ulizungusha gurudumu kubwa la meno, lile kubwa likazungusha dogo, dogo likavuta kamba, na ndoo mbili za maji zikapanda kutoka chini. Wanawake kama thelathini walikuwa wamepanga mitungi yao. Nilipiga magoti kwenye matope. Meno yalikuwa mazima. Kwa miaka yote hiyo yalikuwa yamezunguka kwa mwendo wa punda, yakipakwa mafuta ya kondoo kila wiki. Niliyahesabu mara mbili, nikapima kwa kaliba, na vipimo vikakubaliana na nyumba tupu ya difu iliyokuwa ikiningoja Kasikeu.

Mwenyekiti wa kisima ni Mama Kavinya, mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi. Kisima ni cha mwethya, yaani kikundi cha kazi cha wanakijiji. Mama zao ndio waliokichimba, wakamleta mhunzi aliyechomoa meno kwenye gari lililokufa na kuyafunga pale. Nilimweleza shida yangu yote, na nikataja pesa. Hakuniangalia hata kidogo. Aliwatazama wenzake, kisha akasema:

"Huyu ametoka Makueni kuja kutuchukulia maji."

Nilikasirika kwanza, kwa sababu nimezoea watu kufurahi wakiniona. Nilirudi kwenye pikapu nikakaa nusu saa na mlango wazi. Hasira ilipopungua niliona kwamba mama yule alisema kweli tupu. Kwangu kilikuwa kipuri, kwao kilikuwa chakula cha jioni, na mtu anayeng'oa kisima cha watu wakati wa kiangazi hana tofauti na mwizi, hata akilipa. Nikamrudia. Nilimwambia sitagusa msumari wa kisima chao mpaka niwe nimewajengea mtambo mwingine wa kuvuta maji kwenye kisima hicho hicho, kando ya ule wa zamani, nao wakiujaribu na kuridhika. Wasiporidhika nitaondoka mikono mitupu.

Aliuliza, "Na ukishindwa?"

Nikamwambia mimi sijawahi kushindwa na chuma. Wanawake walicheka sana, lakini Mama Kavinya aliita mkutano pale pale, na wakakubali.

Alhamisi nilirudi Mwingi pamoja na Abdi, tukanunua difu ya pikapu iliyoanguka, beringi mbili na chuma cha bomba. Ijumaa na Jumamosi nilifanya kazi ambayo nitaisimulia hadi kaburini. Mwethya walikuja wote. Walibeba mchanga na mawe, wakakoroga simenti, wakanisimamishia nguzo huku wakiimba, na mimi nikachomea chuma nikiwa nimejifunga leso kichwani dhidi ya jua. Wazee watatu walikaa wakitazama mwanamke akichomea. Mmoja aliniuliza bwana yangu anasemaje juu ya kazi hii. Nilimjibu kwamba husema chakula kiko tayari. Hapo nao walivua makoti, wakaanza kunishikia vyuma.

Jumamosi saa kumi jioni tulimfunga punda kwenye mtambo mpya. Alizunguka mara mbili, akasimama, akanusa, akaendelea. Ndoo zilipanda nne badala ya mbili. Mama Kavinya alichota kwa kikombe, akanywa, akanipa mimi nikanywa. Kisha akasema nichukue kile chuma chao kizee.

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nilifanya kwa makini sana. Kwa kuwa sikuwa na kitabu, niliamua kwamba meno yale yaliyofungwa pale yatakuwa ndiyo kitabu changu. Kabla ya kuyafungua niliyapiga picha kila upande. Nilichora alama kwa chaki: hapa kushoto, hapa kulia, hili limetazama huku. Mama Kavinya alisimama karibu akinitazama, akaanza kusema kitu juu ya punda. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, najua ninachofanya.

Jumapili, baada ya ibada ndogo chini ya mabati ya kanisa lao, ambapo waliniombea mimi na chuma changu, nilianza safari ya kurudi. Meno yalikuwa kwenye kiti cha mbele, yamefungwa kwa gunia, nikayafunga mshipi wa kiti kama abiria. Abdi alinipa mbuzi dume. Nilipita Kyuso, Mwingi na Kitui nikiimba, na kila niliposimama kununua maji niliwaonyesha watu gunia langu. Nilifika Sultan Hamud saa mbili usiku, nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Novemba yote nilishinda nyumbani kwa Susu Ndunge, maana gari lilikuwa kwenye zizi lake. Nilifunga meno kufuata alama za chaki, moja baada ya nyingine, bila kubadili hata moja. Yaliingia bila kunung'unika. Injini niliijaribu gari likiwa juu ya mawe, bila gia, kwa sababu Susu alikuwa ameweka sharti. Kwetu gari halianzi kazi kabla halijaombewa, na yeye alisema hata tairi moja lisigeuke mpaka mchungaji aweke mkono juu yake. Niliona ni sharti zuri. Sikuwa na shaka na kazi yangu, kwa hiyo nililikubali.

Jumapili ya pili ya Desemba, saa mbili asubuhi, kanisa zima lilishuka hadi kwa Susu. Boma lake liko chini ya kilima na kanisa liko juu, umbali wa mtu kutembea dakika kumi na tano. Susu alitoka amevaa gauni la buluu na kofia nyeupe ya chama cha akina mama. Nilimpandisha, nikamketisha kushoto kwangu. Mchungaji aliweka mikono juu ya boneti, akaomba kwa urefu, akalikabidhi gari na fundi wake kwa Mungu. Nilizungusha mkono wa kuwashia mara mbili tu, injini ikaitika, watu wakashangilia. Niliketi, nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu. Mbele yangu barabara ilikuwa wazi kabisa.

Gari likaenda nyuma.

Watu wote walikuwa nyuma. Walitawanyika, mchungaji akaruka ua wa katani na koti lake la ibada, na mimi nikavuta breki tukiwa tumebakisha kidogo kuligonga zizi. Kisha mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata. Nilijua mara moja. Nimeshaliona kosa hilo kwa mafundi wengine na nimewacheka: gurudumu kubwa limekaa upande usio wake, gia zote tatu za mbele zimekuwa za nyuma, na ile moja ya nyuma, ambayo sasa ingekwenda mbele, sikuthubutu kuiamini kilimani. Nilitamani ardhi inimeze. Kufungua difu na kuifunga upya ni kazi ya siku mbili, na siku ya Susu ilikuwa ile.

Nilishuka, nikasogea kando na simu, nikampigia Mama Kavinya. Nilikuwa na hasira, nikitafuta wa kumlaumu. Nikamuuliza meno yale yalikuwa yamefungwa vipi pale kisimani.

"Yaligeuzwa," akasema. "Punda wetu wanajua kuzunguka na mkono wa kushoto peke yake. Kwa hivyo mhunzi aligeuza chuma, akawaacha punda. Nilitaka kukuambia hiyo siku, lakini ulisema unajua."

Nilimshukuru, nikarudi kwenye gari. Nilimwambia Susu ukweli wote mbele ya watu: nimekosea, gari linarudi nyuma, nipewe mpaka Jumapili ijayo. Nilisema hivyo bila hakika macho yake yatanipa Jumapili ngapi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Kwani ulikuwa unataka kupanda hii kilima ukiangalia mbele?"

Nikamwambia ndiyo, kama gari lolote.

"Haiwezi. Nau hakupanda hivyo hata siku moja. Tangi ya petroli tumeikalia hapa chini. Ukipanda ukiangalia juu, petroli inarudi nyuma, inazima pale katikati. Nau alikuwa anaigeuza hapa kwa gate, anapanda na kinyumenyume mpaka kwa mlango ya kanisa. Sisi watoto tulikuwa tunaangalia huku chini, tunapungia watu mkono."

Niliinama nikatazama chini ya kiti. Tangi lilikuwa pale, chini kuliko kabureta, na mimi nililiona kila siku kwa miaka miwili. Nilisafiri hadi Tseikuru na kurudi nikitafuta kitabu, na kitabu kilikuwa kikinikaribisha uji kila asubuhi. Sikumuuliza Susu hata swali moja juu ya namna gari lilivyoendeshwa. Kule kisimani nilimkatiza aliyejua, na hapa sikumuuliza aliyejua. Hilo ndilo nililojifunza, na sina haja ya kulipamba.

Wanaume wanane walilisukuma gari getini wakaligeuza, mkia ukaelekea kilimani. Nilitia gia ya kwanza. Lilianza kupanda, polepole, likivuta vizuri, petroli ikishuka kwenye kabureta inavyotakiwa. Mimi nilikaza shingo kutazama nyuma, mikono miwili kwenye usukani. Watu hawakukubali kutangulia. Walikaa upande wa taa, wakatembea wakitufuata uso kwa uso, na wote wakawa mbele ya Susu, katikati, mahali pale pekee anapoona.

Akaanza kuwataja. "Yule ni Mutinda, amenona. Yule ni Katunge na mtoto wa Katunge. Yule mzee wa fimbo ni nani? Ni Kioko? Kioko, nimekuona." Kila aliyetajwa aliinua mkono. Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Wengine walisukumana kwa upole ili wafike katikati, wasibaki kando kwenye giza lake, na aliyekwisha kutajwa alimpisha mwenzake. Alitaja majina hayo hadi juu, na injini haikukohoa hata mara moja.

Mlangoni mwa kanisa nilivuta breki, nikazima. Ndipo akauliza, "Na Mutheu? Sijamwona Mutheu."

Nikamwambia niko hapa, kando yako, Susu, mimi ndiye ninayeendesha. Aligeuza kichwa taratibu, kofia na mabega yote, mpaka nikaingia mbele ya macho yake. Akanitazama usoni kwa muda mrefu, nami nikamwacha anitazame, machozi yakinitoka bila aibu.

"Kumbe una mvi," akasema. "Hiyo pia nimeiona."